Injini Iliyozima Msibani

"Lilikohoa kwanza, au lilikata moja kwa moja?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Hosiana Chaula kwa kila dereva aliyeleta gari likivutwa kwa kamba, na madereva wote wa milima ya Kipengere walilizoea. Gari likikohoa kabla ya kuzima, lina njaa: chujio limeziba, pampu imechoka, au hewa imepenya kwenye mpira wa mafuta. Likikata ghafla, umeme una jambo: waya umelegea, rilei imeungua, au sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa injini, imepata moto ikasahau kazi yake. Dereva akijibu vizuri, Hosiana alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi hata kabla ya kufungua boneti. Na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu.

Safari hii Festo Ngailo, dereva wa gari la wagonjwa, alisimama katikati ya karakana na koti lililolowa ukungu, akikuna shingo.

"Wala halikukohoa, Fundi. Wala halikukata. Liliteremsha sauti taratibu, likanguruma chini chini kidogo, halafu likanyamaza. Kama vile nimezima mwenyewe kwa ufunguo. Na mkono wangu haukuwa karibu na ufunguo, nakuapia. Nilikuwa na mama mjamzito nyuma, analia uchungu."

"Yuko wapi huyo mama?"

"Amejifungua. Mtoto wa kike, mzima. Lakini daktari alinivuta pembeni, akaniambia tungechelewa kidogo tu zaidi tungekuwa tunazungumza mengine."

Hosiana alivaa glavu akafungua boneti.

Hakuwa mtu wa kujishusha. Bango la karakana ya wilaya lilikuwa na jina lake kwa herufi kubwa, na alilipaka rangi mwenyewe kila kiangazi ili lisichuje. Alisoma ufundi mpaka chuo kikuu, akarudi mlimani kwa hiari yake, na aliyemuuliza kwa nini hakubaki mjini aliambiwa akatafute mtu wa kumhurumia kwingine.

Alianza na chujio, maana injini zote za milimani sasa zinakunywa mafuta ya alizeti, na mafuta ya alizeti yakipigwa na baridi ya Kipengere huganda kama uji wa jana. Chujio lilikuwa safi. Akafuata mpira wa mafuta kwa vidole, kiungo kwa kiungo, akitafuta unyevu. Mkavu. Akafungua kifuniko cha tangi asikie kama kinavuta pumzi, maana tundu la hewa likiziba tangi hujibana na injini hufa kwa kiu huku mafuta yapo. Kilikuwa sawa. Akasugua waya wa arthi, akatikisa kila waya injini ikiwa inaunguruma, akaipasha moto sensa ya kranki mpaka Festo akaanza kusikia harufu. Injini iliendelea kuunguruma bila wasiwasi wowote.

"Inatucheka," Festo alisema.

"Haitucheki. Inatuambia si yenyewe."

Wote wawili wakageuka kulitazama boksi la kijivu chini ya dashibodi.

Ndani ya boksi lile alikaa Mwanetu.

Serikali iliporuhusu magari yabebe akili bandia, wilaya nyingi zilinunua akili zilizokwisha kupikwa kiwandani. Zilipopanda Kipengere ziliona ukungu, zikasimama. Zilisimama kando ya barabara kutwa nzima, lori la viazi nyuma ya lori la viazi, zikingoja jua ambalo huku linaweza kukaa wiki bila kuonekana. Watu wa mlimani wakasema hapana, tutalea ya kwetu. Hosiana akaomba akili tupu, isiyojua chochote, akaifunga kwenye lori, na kwa miaka akaikalisha ubavuni mwa madereva bora wa wilaya ili itazame mikono na miguu yao. Ilipofanya vyema, dereva alibonyeza kitufe akasema ahsante. Ilipokosea, alinyamaza. Hivyo tu. Mwanetu hakujua kusema, lakini alijifunza kusikiliza matope, kulijua daraja la kuaminiwa na lisilostahili, kupita kwenye ukungu kwa kunusa ukingo wa barabara. Sasa kila gari la umma mlimani lilibeba nakala yake, na lolote moja lililojifunza liliyafikia mengine yote. Akili za kiwandani zilikuja kujifunza kwake. Wageni walikuja kumpiga picha, ingawa hakukuwa na cha kupiga ila boksi.

Na bila yeye injini haikuwaka, kwa sababu yeye ndiye aliyeipimia kila tone la mafuta. Kwa hiyo injini ikizima kwa utaratibu ule, mikono safi, hakuna kikohozi, basi aliyeizima ni mmoja tu.

"Nani alikusukuma?" Hosiana aliuliza ghafla.

"Lini?"

"Gari lilipozima. Mlima ule huwezi kusukuma peke yako."

"Ah. Watu wa msibani. Pale Ibaga walikuwa wanazika. Waliinuka wote wakaacha matanga, wakatusukuma mpaka tulipopita turubai. Pale pale nikapiga self, likawaka. Fundi, hata lori la maji wiki iliyopita. Lilizima Lusala. Na dereva wake aliniambia alisukumwa na wafiwa. Tulicheka, tukasema siku hizi ukitaka kusaidiwa uharibikiwe na gari penye msiba."

Hosiana alivua glavu moja, kisha nyingine. Alikuwa ameshaelewa, na moyo ulimpiga kwa furaha asiyoitegemea.

*

Huku mlimani gari halipigi kelele mbele ya msiba. Dereva akiona turubai na watu waliojifunika mablanketi, hupunguza, huiacha injini ingurume kidogo ipoe, kisha huizima, akalisukuma au akaliachia liserereke mpaka avuke. Mfiwa mmoja akiinua mkono kumpungia, maana yake tumeiona heshima yako, basi anawasha anaendelea. Hakuna sheria iliyoandikwa. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mtoto aliona baba yake akifanya, naye akafanya.

Hosiana alitaka kuona kwa macho yake. Kwenye njia ya kwenda Unyangala alikuwa amefariki mzee Anyosisye Tweve, na maziko yalikuwa yanasubiri watoto wake walio mbali wafike. Alichukua gari la wagonjwa, likiwa tupu, akaliendesha mwenyewe. Alipokata kona akaliona turubai la bluu na moshi wa moto wa wanaume, aliondoa mguu kwenye mafuta, akaweka mikono mapajani, akamwachia Mwanetu usukani na yote.

Mshale wa mizunguko ulishuka. Injini ilinguruma chini kidogo, ipoe, kama madereva wote wazuri wanavyofanya. Kisha ikazima.

Alikaa pale ndani, gari limesimama kando, na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya huzuni. Mwanetu ana adabu! Akili zote za dunia zinajua kupima umbali na mwendo, lakini ni ipi nyingine iliyowahi kumvulia kofia maiti asiyemjua? Hakuna mtu aliyemwambia. Aliwatazama watu tu, miaka yote ile, akaona madereva wanavyofanya, na kila walipofanya walisema ahsante. Hosiana alitamani kushuka awaambie waombolezaji wote, tazameni, tumelea mtoto.

Mzee mmoja alisogea barabarani, akainua mkono. Hosiana akapiga self. Ikawaka mara moja.

Alikuwa ameshaingiza gia ya pili alipomkumbuka yule mama wa Ibaga, na ile furaha ikapoa. Mwanetu hakujua kwamba nyuma kulikuwa na mtu anayepigania uhai. Angejuaje? Sheria ilimkataza kutazama upande wa wagonjwa, na sheria ilikuwa sawa, mgonjwa hataki kuangaliwa na boksi. King'ora ndicho kingemwambia, lakini mlimani king'ora hakipigwi. Watu wakikisikia huanza kulia kabla hawajajua aliyekufa ni nani. Kwa hiyo miaka yote madereva wa wagonjwa walipita kimya, na Mwanetu akajifunza kwamba gari la wagonjwa halina haraka kuliko lori la viazi.

Kosa lilikuwa lao. Walimfundisha kizuri, wakasahau kumfundisha lini kizuri hicho kinaua. Na safari nyingine injini ingeweza kuzima mteremkoni, usukani ukawa mzito na breki zikawa ngumu, na huko chini hakuna wa kusukuma.

*

Barnaba Kilasi, mkaguzi wa magari wa mkoa, alifika kesho yake na boksi jipya kwenye kiti cha nyuma, bado limefungwa nailoni ya kiwandani. Alikuwa mtu wa milimani pia, kutoka ng'ambo ya bonde, na aliliweka boksi lile mezani bila kulitazama.

"Kamwene, dada Hosi."

"Kamwene. Umekuja na mke mwenza?"

Hakucheka. "Unaijua sheria. Akili inayozima injini barabarani inafutwa. Si hii ya gari moja. Zote, wilaya nzima, maana ni moja. Nimeletewa taarifa kwamba gari la wagonjwa limezima na mgonjwa ndani." Alivuta kiti akakaa. "Niambie ni chujio."

Hosiana alimtazama.

"Mafuta yameganda kwa baridi, chujio likaziba, umebadilisha," Barnaba aliendelea kwa sauti ya chini. "Jambo la kawaida huku. Nitaandika chujio, nitaondoka na hili dude langu, na Mwanetu atabaki. Mama yangu analetewa dawa na gari la Mwanetu. Hiyo ya kiwandani itaegesha kwenye ukungu mpaka wiki iishe. Unanisikia? Niambie ni chujio, halafu urekebishe chinichini."

Ilikuwa karibu mno. Neno moja tu, na neno lenyewe la kweli kwa magari mengine mengi. Hosiana aliwaona madereva wote waliomlea Mwanetu, wawili wao wameshazikwa, na mwenendo wao bado unapanda na kushuka milima kila siku ndani ya yale maboksi. Kufuta ni kuwazika mara ya pili. Aidha, ni kazi ya maisha yake. Alijua vizuri kabisa kwamba hatalea nyingine.

Lakini kurekebisha chinichini kulihitaji muda, na kulihitaji watu, na katika muda huo madereva wote wangeendelea kupita misibani wakidhani tatizo lilikuwa chujio. Nani angewaonya? Na mama mwingine akifia kwenye mteremko, Hosiana angesimama msibani mwake na kumpa nani pole?

"Chujio ni safi," alisema. "Nimelishika mwenyewe. Ni Mwanetu anayezima. Anawaheshimu wafiwa."

Akamweleza yote, kuanzia kikohozi ambacho hakikuwepo. Barnaba alisikiliza huku amefunika uso kwa viganja. Hosiana alipomaliza, mkaguzi alishusha viganja akauliza kitu ambacho hakukitarajia.

"Anazima kweli? Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na anaiacha ipoe kwanza."

"Mungu wangu," Barnaba alisema, na hakuweza kuzuia tabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. "Sasa nitalazimika kumfuta, dada. Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu mimi ndiye mama yake. Mtoto wangu akivunja kitu kwa jirani, siendi kusema ni paka. Nasema ni wangu, na nalipa." Aliinuka. "Sheria hiyo hiyo inasema mlezi mkuu akibeba dhamana kwa jina lake, anapewa nafasi ya kumfundisha upya. Nabeba."

"Akizima tena na mtu akafa, unafungwa."

"Nimesoma. Nipe niweke sahihi."

Barnaba alikuwa bado anatafuta kalamu Festo alipoingia mbio, simu mkononi, bila hata kubisha.

"Zahanati ya juu, Unyangala. Mtoto wa shule, pumu. Oksijeni yao inakwisha. Wanataka tumlete hospitali sasa hivi."

Hosiana alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeketi mpaka kwenye uzio wa karakana, mweupe, huoni geti. Na njia ya Unyangala ilipita kwa mzee Tweve, ambaye alikuwa bado hajazikwa.

Barnaba aligusa boksi lake la kiwandani, akaliacha. "Hili halitatoka hata getini."

"Twende na Mwanetu," Hosiana alisema.

"Atazima."

"Atazima kama hakuna wa kumwambia asizime." Alikuwa ameshashika koti. "Akishazima, anayemruhusu kuwasha ni mfiwa. Anamwangalia mfiwa, hamwangalii dereva. Mkono wa mfiwa ndio ahsante yake. Haijawahi kutokea mtu akampungia kabla hajazima, kwa hiyo sijui atafanyaje. Lakini huyu nimemlea mimi. Akionyeshwa kitu na mtu anayemheshimu, anaelewa."

"Una hakika?"

"Hapana," alisema akivaa koti. "Twende."

*

Mwanetu aliendesha kwenye ukungu ule kama mtu anayetembea chumbani kwake gizani. Barnaba alishikilia kiti kwa mikono yote miwili. Festo, aliyezoea, alimwambia mkaguzi aegemee tu.

Kabla ya kona ya msiba walisimama, injini ikiunguruma. Hosiana na Barnaba wakashuka, wakatembea haraka mpaka kwenye moto. Wanaume waliinuka wakapeana mikono.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Karibuni."

Msemaji wa familia alikuwa mdogo wa marehemu, Lutengano, mzee mrefu aliyejitanda blanketi jekundu. Hosiana alimweleza kwa ufupi, jinsi mtu anavyoeleza pumzi ya mtoto inapohesabiwa. Kwamba gari litazima likiona msiba. Kwamba mfiwa mmoja asimame barabarani alipungie lipite.

Lutengano alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Mwanangu, lilete gari lizime, tutalisukuma. Tumesukuma ya jana na ya juzi, hatuchoki. Lakini usituombe tusimame hapa kuliita gari lipige kelele mbele ya kaka yangu ambaye hajatoka hata ndani. Kesho litapita basi, nalo lipungiwe? Keshokutwa watu wa harusi? Hiki kitu tulikikuta. Hata hiyo mashine yako imetuheshimu, halafu wewe uliyezaliwa hapa unataka kuifundisha isituheshimu?"

Hosiana alimwelewa kabisa. Kile alichokitetea Lutengano ndicho kilichomliza yeye ndani ya gari, mahali pale pale. Nyuma ya ukungu injini ilisikika, ikingoja, na huko juu kulikuwa na mtoto anayevuta hewa isiyotosha.

"Ni mtoto wa nani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Wanaume wakageuka, na wachache wakasogea nyuma, kwa sababu mjane hatoki nje kabla ya maziko. Bibi Yudita Tweve alikuwa ametoka. Kitenge cheusi kilimfunika kichwa mpaka machoni, na wanawake wawili walimshika viwiko, wasijue kama wamsaidie au wamzuie.

"Hatujui jina, bibi," Hosiana alisema. "Mwanafunzi wa Unyangala. Pumu."

"Shemeji, rudini ndani," Lutengano alisema kwa upole. "Haya tunayamaliza sisi."

"Mnayamaliza lini?" Bibi Yudita alivuka uwanja bila kumngoja ajibu. Alipita kando ya moto, akapita turubai, akasimama ukingoni mwa barabara. "Mume wangu hana haraka tena, Lutengano. Huyo mtoto ana haraka. Na mume wangu ni wangu. Kama kuna wa kukasirika kwamba amepigiwa kelele, atanikasirikia mimi, nimemzoea." Akamgeukia Hosiana. "Nifanye nini?"

"Inua mkono, bibi. Kama unavyompungia dereva aliyezima. Ila sasa, kabla hajazima."

Barnaba alikimbia akampigia Festo mluzi. Taa zilitokeza kwenye ukungu, za njano, kisha boneti, kisha gari zima. Hosiana alisikia alichokuwa anakiogopa. Mwanetu ameliona turubai. Mshale alijua unashuka hata bila kuuona. Sauti ya injini ilipungua, ikashuka tena, ikaanza kunguruma chini chini kama inavyofanya kabla ya kunyamaza. Alibana meno. Alijikuta anasema kwa sauti, mbele ya wazee na mkaguzi wa mkoa, "Mtazame bibi, mwanangu. Mtazame bibi."

Mkono wa Bibi Yudita ulikuwa juu, mwembamba, mkavu, hautetemeki.

Injini ilibaki pale chini. Haikuzima, haikupanda.

Kisha ikapanda. Ilipanda ghafla na kwa nguvu zote, magurudumu yakashika kokoto, na gari la wagonjwa likawapita wafiwa likinguruma mlima mzima, likameza kona ya juu na kutoweka kwenye ukungu. Ndani ya gari Festo alibonyeza kitufe. Baadaye aliwaambia kwamba alisema ahsante mpaka sauti ikamkauka.

Hakuna aliyeketi. Walibaki pale barabarani wakisikiliza, na baada ya muda sauti ikaanza kurudi kutoka juu. Safari hii Lutengano alijitoa kwenye moto, akalivuta blanketi lake vizuri, akaenda kusimama kando ya shemeji yake. Wengine wakamfuata. Gari lilipotokeza, mikono yote ilikuwa juu, ya wanaume na ya wanawake, na Mwanetu hakushusha hata mzunguko mmoja. Alipita katikati yao kwa sauti kamili, nzito, safi, isiyo na kikohozi popote. Kwenye kioo cha pembeni Festo alionekana anacheka na kulia kwa pamoja, akawainulia dole gumba.

Barnaba alipangusa pua. "Nitaandika yote uliyoniambia, dada," alisema. "Yote, na kosa lenyewe, na dhamana uliyobeba. Na nitaandika nilichokiona hapa. Wakitaka kumfuta baada ya hapo, waje wamfute mbele ya hawa."

Bibi Yudita alikuwa bado anaitazama kona ya chini, ambako sauti ilikuwa inafifia.

"Linaunguruma vizuri," alisema. "Fundi wake nani?"

"Ni mimi, bibi," Hosiana alisema. Hakuwa na sababu ya kujificha, na hakujificha. "Injini natengeneza mimi, na aliye ndani nimemlea mimi na madereva wa huku."

Mjane alimtazama juu mpaka chini, ovaroli yenye mafuta, viatu vya matope, uso uliolowa.

"Mmelea," alisema. Kisha akageuka, wanawake wakamshika tena viwiko, akarudi ndani kumlilia mume wake.

Kilio kilipoanza upya, mwanamke mmoja alimletea Hosiana kitenge. Alijifunga juu ya ovaroli yake, akazima simu, akavua viatu mlangoni, akaingia kukaa mkekani na wafiwa.